Konzi ya Udongo

Wageni kutoka makao makuu walikuwa watatu, na kila mmoja alikuja na daftari lake. Hapo hapo Miche akajua mambo yameharibika. Mgeni mwenye daftari moja amekuja kuangalia, lakini wageni wenye madaftari matatu wamekuja kumtafuta mtu.

Hilo la Miche si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa pale kituoni, miaka kumi na saba iliyopita, kwa sababu ya mkono wake. Watu walisema huyu bwana akisahau mpini wa jembe umesimama kwenye matope, kesho utaukuta na majani. Utani, lakini si utani mtupu. Kazi yake ilikuwa kutunza vyungu vya majaribio ndani ya nyumba ya kioo: kujaza udongo, kupanda, kumwagilia, kupima kimo cha mmea na kumtajia Daktari tarakimu naye aandike. Daktari mwenyewe hakuwa wa kutibu watu, alikuwa wa mimea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkuu wa kituo, asiyejua kukaa chini. Alimwita Miche "Mzee wangu", naye Miche alimwita "Daktari" hata walipokuwa wawili tu, wamekalia ndoo zilizopinduliwa wanakunywa chai.

Mkubwa wa wageni alikuwa mkaguzi, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole. Upole ule ndio uliotisha.

"Mbegu ni zilezile," alisema, akipita katikati ya meza za vyungu. "Vyungu ni vilevile. Udongo mnaupika kwa mvuke saa mbili, kama wenzenu. Maji kwa kipimo. Vituo sita vingine vimefuata mwongozo huuhuu mlioandika nyinyi. Kwao, kunde zimedumaa, na nyasi zilizopandwa pamoja na kunde ni za manjano. Kwenu zinanifika kiunoni. Daktari, jaribio linalomkubali mtu mmoja tu tunaliitaje?"

"Sababu bado hatujaijua," Daktari alisema.

"Sababu sijauliza. Nimeuliza jina."

Daktari ndiye aliyeandika ripoti iliyosema mkulima akichanganya kunde na nyasi za malisho hahitaji kununua mbolea. Ripoti hiyo ilisomwa mbali, ikasifiwa, na ndiyo iliyokiweka kituo hai. Sasa ilikuwa mkononi mwa mtu mpole, imepigwa mistari kila ukurasa.

Mkaguzi akafungua mwongozo. Uliandikwa kwa lugha ya wasomi, kwa hiyo akawa anausoma na kuutafsiri kidogo kidogo kwa ajili ya Miche, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. "Kifungu cha tisa. Usiongeze kitu chochote ambacho hakikuandikwa humu." Akainua macho. "Mzee, kuna kitu unaongeza?"

Miche hakuwahi kusomewa mwongozo ule. Siku ya kwanza ya jaribio, miaka miwili nyuma, Daktari alikuwa na haraka ya mkutano, akamwambia, "Mzee wangu, wewe fanya kama unavyofanya siku zote." Naye akafanya. Mtu aliyekulia kwenye vitalu vya miche hapandi kwenye udongo uliopikwa bila kuurudishia uhai. Udongo uliopikwa ni maiti, hilo halihitaji shule. Kwa hiyo kila chungu alikitia konzi moja ya udongo kutoka kwenye tuta la kunde la mkewe, nyuma ya nyumba, akauchanganya kwa vidole, ndipo akapanda. Hakuona kama anaongeza kitu. Mpishi naye akitia chumvi kwenye chungu hatangazi.

"Huyu?" Daktari akadakia kabla hajajibu, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kumtetea. "Huyu ni mwaminifu kuliko sisi sote hapa. Ukimwambia mililita hamsini, hazizidi wala hazipungui."

Wote wakageuka kumtazama.

"Maji tu, mkuu," Miche akasema. Neno lilitoka kabla hajalipima.

.

"Kwa hiyo mchawi ni udongo wangu?" Mkewe alicheka mpaka akaweka chini ungo wa majani ya kunde aliyokuwa akiyachambua. "Wasomi wazima, na madaftari yao matatu! Wangekuja kuniuliza mimi ningewaambia bure."

"Punguza sauti, mama watoto."

Nyumba za watumishi zilipangwa nyuma ya uzio wa kituo, ukuta kwa ukuta. Ukipiga chafya kwako, jirani anakwambia pole. Na nyumba ilikuwa ya kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Chumba cha pili kitinda mimba wao alikuwa akijisomea. Mtihani wa kumaliza shule ulibaki miezi saba, na kutoka mlangoni kwao mpaka darasani kwake ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa.

Mke akaacha kucheka. "Umewaambia?"

"Nimesema maji tu."

"Baba watoto!"

"Daktari alishasema mimi ni mwaminifu. Ningesemaje mbele za watu? Ningemvua nguo."

"Sasa?"

"Sasa wanapanda upya. Mkaguzi anabaki wiki sita, anaangalia kila kitu kwa macho yake. Sitaweza kutia hata punje."

"Basi kunde hazioti."

"Zitaota. Zitakuwa za manjano kama za wenzetu. Halafu watasema Daktari alidanganya, watafunga kituo."

Mkewe alichukua ungo, akaurudisha mapajani, akawa anachambua majani ambayo alikwisha kuyachambua. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Hilo nalijua. Ila huyu mwenye maradhi ana mtoto wa mtihani na hana pengine pa kulala. Sijui nikwambie nini, mume wangu. Haki ya Mungu sijui."

.

Wiki ya kwanza miche ilitoka vizuri, maana mbegu huja na akiba yake kutoka kwao. Wiki ya pili ikasita. Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kupauka, kisha ya juu yakafuata, mpaka vyungu mia moja na ishirini vikawa rangi moja. Mkaguzi alikaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na mlango, akiandika. Hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Miche alitia maji, mililita hamsini, chungu baada ya chungu, na kila chungu kilikuwa kama mtoto wa jirani anayemwomba chakula mbele ya mama yake.

Utani wa chai ulikwisha. Daktari alikuwa anafika kabla jua halijachomoza. Alibadilisha kipimajoto. Aliosha matangi ya maji kwa mikono yake. Aliita fundi apime mwanga, fundi akasema mwanga ni uleule.

"Mzee wangu," alimwambia asubuhi moja, "mbona safari hii zinatukataa?"

"Sijui, Daktari."

Kesho yake Miche alikwenda kazini na konzi ya udongo mfukoni. Kwa nini, hata yeye asingeweza kukueleza. Vyungu mia moja na ishirini, yeye ana konzi moja! Saa nne mkaguzi akatoka nje kupokea simu, mgongo umeelekea mlango. Mkono wa Miche ukaingia mfukoni, vidole vikaushika udongo wenyewe, unyevunyevu, umepata joto la mwili wake.

Akamfikiria Daktari. Akamfikiria binti yake. Halafu, bila kupenda, akamfikiria mtu asiyemjua: mkulima fulani, mahali fulani, aliyesomewa ile ripoti akaamini, akapanda kunde zake kwenye shamba lililochoka, akaziangalia zinavyodumaa mpaka akadhani kosa ni lake. Miche aliwahi kuwa mtu wa namna hiyo, kabla hajapata kituo. Mkono ukatoka mtupu. Akajilaani kwa kuuleta udongo na akajilaani kwa kuurudisha.

Ijumaa ya wiki ya tano alimkuta Daktari ameketi juu ya ndoo yake, peke yake, ana karatasi mapajani.

"Nimeandika barua, Mzee wangu. Nasema tarakimu zangu za mwanzo zisiaminiwe. Pengine nilipima vibaya. Pengine nilitaka sana ziwe nzuri, macho yakanidanganya." Alitabasamu vibaya. "Wewe ulikuwa unanitajia sahihi, najua. Mimi ndiye niliyeandika. Lawama yote ni yangu."

Miche aliweza kustahimili kunde za manjano. Hiyo hakuiweza.

"Hukupima vibaya, Daktari. Ni mimi."

Akamweleza. Alisimama wima akieleza, kofia mkononi, na Daktari hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Daktari aliuliza, "Kutoka tuta gani?"

"La mama watoto. Nyuma ya nyumba."

"Kila chungu?"

"Kila chungu."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili, Daktari."

Daktari akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio. "Ni vidudu," alisema akijifuta kwa kiganja. "Vinaishi kwenye mizizi ya kunde, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyoitengenezea kunde mbolea, na nyasi inapata yake hapo hapo. Mimi niliamini mbegu zinakuja zimeshapakwa vidudu hivyo, ndivyo alivyosema muuzaji, na sikuhakikisha. Majani nilipima kila wiki. Mizizi sikuwahi kuitazama! Ingekuwa imejaa vinundu, vidogo kama..."

"Kama uwele, ukivipasua ndani ni vyekundu," Miche akasema. "Vinundu navijua."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee wangu?"

"Mwanzoni hukuniuliza. Na mimi nilidhani kila mtu anavijua."

.

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alisema ni habari njema, njema sana, na kwamba sayansi inahitaji watu wakweli. Kisha akamwandikisha Miche maelezo yake kurasa mbili, akamwonyesha mahali pa kutia saini. Wale wageni wengine wawili waliitwa tena kutoka makao makuu. Mizani ya kidijitali ikawekwa juu ya meza.

"Umeandika konzi moja," mkaguzi alisema. "Hiyo ni gramu ngapi?"

"Ni konzi, mkuu."

"Naelewa. Gramu?"

Miche akatazama mkono wake kana kwamba jibu lipo hapo. Wakamletea beseni la udongo, wakamwambia achote kama alivyokuwa akichota, mara kumi. Akachota. Arobaini na moja. Hamsini na nane. Arobaini na saba. Sitini na tatu.

"Ni mkono uleule?" mmoja wa wageni aliuliza, na mwenzake akacheka kwa puani.

"Ndio huohuo."

"Jitahidi zilingane, mzee."

Alijitahidi. Alipojitahidi, mkono uliowahi kupandikiza miche elfu kwa siku ukaanza kutetemeka, na udongo ukawa unadondoka kandokando ya mizani. Thelathini na sita. Thelathini na mbili. Daktari alikuwa amesimama dirishani, uso umeelekea nje. Mkaguzi akapiga hesabu, akaandika: gramu hamsini, kwa makadirio.

"Sasa kifungu cha kumi na nne," alisema kwa upole uleule. "Aliyeongeza kitu nje ya mwongozo haruhusiwi kuligusa jaribio tena. Hilo si langu mimi, mzee wangu, ni la mwongozo. Utaacha kitambulisho chako getini. Nyumba, mna mwezi mmoja."

"Amesema ukweli!" Daktari akageuka. "Asingesema, msingejua mpaka kiama."

"Ndiyo. Na imeandikwa kwamba amesema." Akamgeuzia ukurasa auone. "Na wewe, Daktari, Jumatatu unahitajika makao makuu. Kuna maswali."

Asante ya punda ni mateke, wahenga walisema, ila punda angalau hukupiga akiwa na hasira.

.

Walikuja kuchimba siku ya Jumanne, vibarua wanne na mgeni mmoja wa kuhesabu. Mke wa Miche aliwakuta wameshanyoosha kamba kuzunguka tuta lake.

"Mnachukua kiasi gani?"

"Wote, mama. Vituo sita, vyungu mia na ishirini kila kituo, na wa akiba."

"Wote! Hata kopo moja hamniachii?"

"Udongo sasa ni mali ya jaribio."

"Nilianza kulilima tuta hili mimba ya huyu binti ikiwa ya miezi mitano," alisema. "Jaribio lilikuwa wapi?"

Kijana wa kuhesabu akaangalia daftari lake. Mama akaomba angalau achume majani. Akaruhusiwa robo saa. Akachuma ameinama, wanaume watano wamemsimamia, na Miche amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Majirani walichungulia kupitia mapazia. Alipomaliza alipita na mzigo wa majani kichwani, mtandio umening'inia mbele, na chini ya mtandio kulikuwa na kopo la rangi iliyokwisha, ndani yake shina moja la kunde na udongo wake. Hakuna aliyeona. Hata mumewe aliliona baadaye, chini ya kitanda.

Magunia kumi na manane yalitoka. Palibaki shimo linalofika magotini, lililonyooka pembe zote nne. Wakamwachia stakabadhi.

Alhamisi Miche alikuwa akifunga vyombo kwa kamba pale nje aliposikia harufu. Alinyanyua kichwa. Akanusa tena. Harufu ya udongo unaopikwa anaijua hata usingizini. Inafanana na ya sufuria iliyosahaulika jikoni, mchanganyiko wa mvuke na kitu kilichokufa. Bomba la tanuri lilikuwa linatoa moshi mweupe, na kituoni hakukuwa na jaribio jingine.

Alikimbia mpaka getini, mtu wa miaka hamsini na nne, kandambili moja imebaki njiani.

"Wanaupika!" alimwambia mlinzi. "Nifungulie, wanaupika udongo!"

"Miche, ndugu yangu, kitambulisho chako ninacho mimi hapa." Mlinzi alikuwa rafiki yake wa miaka tisa, na aliongea akiangalia chini. "Nikikufungulia, kesho tunahama wote."

"Basi kawaambie wewe. Ukipikwa ni bure, ni udongo mtupu. Ni hao vidudu ndio wanaotafutwa!"

Mlinzi akaenda. Alikaa dakika kumi, akarudi anatembea polepole, na Miche akajua jibu kwa mwendo ule.

"Wanasema ni sheria ya usafirishaji. Udongo wowote unaotoka mkoa mmoja kwenda mwingine lazima upikwe kwanza, usipeleke magonjwa. Bila cheti cha kupikwa gari haliondoki."

"Uliwaambia nimesema mimi?"

"Niliwaambia." Mlinzi akakuna shingo. "Ndipo waliponiambia nirudi kwenye kazi yangu."

Miche akampigia Daktari. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Daktari alikuwa ndani ya chumba cha mkutano akijibu maswali, na simu yake ilikuwa kwenye kikapu nje ya mlango pamoja na za wenzake. Mara saba alipiga. Halafu chaji ikaisha, akabaki ameshika vyuma vya geti, mguu mmoja peku, akitazama moshi mweupe unavyotoka mpaka tanuri lilipozimwa.

.

Chumba walichohamia kilikuwa ng'ambo ya mji, mbele ya ua wa saruji ambamo mtu hawezi kupanda hata kitunguu. Binti alitembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, na jioni alisinzia juu ya vitabu. Miche alipata kibarua mahali pa kuoshea magari. Mwenye mahali pale alimsifu: huyu mzee hamwagi maji ovyo.

Mwezi wa tatu Daktari alikuja. Alikuwa amekonda, na alibisha hodi kama mtu anayetumaini hakuna mtu. Mama alimpa kiti kimoja kilichokuwepo, wenyewe wakaketi kitandani. Binti alikuwa shuleni.

"Nilipata ujumbe wa simu zako saba," Daktari alisema. "Nilipotoka gari lilikuwa limeshaondoka."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia, nikaandika, nikapiga kelele. Wakanijibu kwamba udongo umepikwa sawasawa kwa ajili ya vituo vyote sita, kwa hiyo hakuna kituo kilichopendelewa." Alisema maneno hayo bila kucheka, ingawa kuna siku angeyachekea sana. "Nikawaambia tuchukue udongo mwingine. Wakasema lete, ila uwe wa tuta lilelile. Nikaenda nyuma ya nyumba yenu. Wamemwaga kokoto, wameweka maegesho ya magari."

Akatoa karatasi mkobani, akaikunjua juu ya meza ndogo, akaisoma akifuata mstari kwa kidole. Gramu hamsini zimetiwa kwenye kila chungu katika vituo sita. Hakuna badiliko lililoonekana. Maelezo ya mtunza vyungu kwamba udongo ulioongezwa ndio ulioleta tofauti hayakuthibitika. Jalada la jaribio limefungwa.

"Mimi wamenihamishia stoo ya vifaa," alisema. "Wamenituma nikuletee, kwa sababu kiinua mgongo chako hakitoki bila saini yako. Hapa chini."

Miche akaivuta karatasi karibu yake. "Nikitia saini, nasema sikutia udongo?"

"Hapana. Unakubali kwamba uliutia, na kwamba haukufanya kitu."

"Kwa hiyo nilifukuzwa kwa kosa la kutia kitu ambacho hakikufanya kitu."

"Ndiyo, Mzee wangu."

"Na wewe unajua ulifanya."

"Najua." Macho yake yalijaa. "Usiponitilia saini sitakulaumu. Ila ujue hawatabadilisha neno, na hiyo pesa hutaiona."

Ada ya mtihani wa binti ilitakiwa ndani ya wiki hiyo.

Mama akanyanyuka. Alikwenda dirishani, mahali kilipokuwa kijua kidogo, akarudi na kopo la rangi. Kunde ilikuwa imepanda juu ya kijiti, imekolea kijani mpaka inaelekea weusi, na ilikuwa na maua mawili. Daktari alipoiona akashika mdomo.

"Hiyo ni ya..."

"Ya tutani kwangu," Mama akasema. Akashika shina karibu na udongo, akaling'oa.

"Mama watoto!" Miche akaruka, lakini ilikuwa imeshatoka.

Mama akaikung'utia juu ya karatasi ile. Udongo ukafunika mistari. Akaugeuza mzizi upande wa Daktari: vinundu vilikuwa vimeshikana kila mahali, kama punje za uwele. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ndicho chenyewe," Daktari akasema. "Ndicho hichohicho, Mama. Miaka miwili sikukiona."

"Basi andika. Umekiona kwa macho yako. Andika."

"Kopo moja halihesabiki. Watauliza makopo mengine mia yako wapi. Watauliza nani alipima, nani alishuhudia, udongo ulitoka wapi. Nikisema ulifichwa chini ya mtandio..." Akajifuta macho. "Wao hawasemi mzee ni mwongo, Mama. Wanasema haikuthibitika."

"Na tofauti yake?"

Daktari akatikisa kichwa.

Miche akapangusa sehemu ya chini ya karatasi kwa upande wa kiganja, taratibu, mpaka mstari wa saini ukaonekana. Akachukua kalamu. Akaandika jina lake, lile alilopewa na baba yake, ambalo Daktari alikuwa hajawahi kuliona likiandikwa isipokuwa kwenye karatasi za kufukuzwa. Kisha akamrudishia kalamu.

"Usilie, Daktari. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi ukae upumzike kwanza. Chai ipo."

Mama alikunja karatasi katikati, akaielekeza kwenye kopo na kumimina udongo wote, akigongagonga nyuma yake kwa kidole mpaka punje ya mwisho ikadondoka. Akampa Daktari karatasi yake. Halafu akaichomeka kunde humo, akaushindilia udongo kwa dole gumba pande zote, akatia maji, akalirudisha kopo dirishani. Wote watatu walijua kunde iliyong'olewa ikiwa na maua haishiki tena.

Kesho yake asubuhi kunde ilikuwa imelala juu ya ukingo wa kopo. Miche aliimwagilia hivyo hivyo, akaenda kuosha magari.